Utatuzi wa Hitilafu za Mipangilio ya Hiari katika Usakinishaji wa Programu za Linux: Mfano wa Usomaji wa Nyaraka za Kiswahili na Kimatengo kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kutambua na kutatua hitilafu zinazotokana na mipangilio ya hiari pale programu inaposakinishwa katika Linux kutokana na msimbo chanzo. Mfano uliotumika ni wa Tesseract, programu huria inayotambua herufi katika picha za maandishi, pamoja na Leptonica, maktaba inayoitegemea kufungua picha hizo. Mazingira yaliyozingatiwa ni ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Makala inaonesha kwamba hitilafu nyingi za aina hii hazijitokezi wakati wa kusakinisha, bali hujitokeza baadaye, kazi ikiwa imekwisha kuanza na pengine nyaraka zenyewe zikiwa zimerudishwa kwa wenyewe. Hatua tano za uchunguzi zinapendekezwa, pamoja na namna ya kuzitekeleza mahali ambapo intaneti ni ya bando na ya kubahatisha.

1.0 Utangulizi

Nyanda za juu za Mbinga zinajulikana kwa kahawa na kwa kilimo cha mashimo ya ngoro cha Wamatengo. Kwa upande wa magharibi, barabara inashuka kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Katika maeneo kama haya, kumbukumbu nyingi za maandishi hukaa katika makabati ya ofisi na masanduku ya nyumbani: taarifa za vyama vya ushirika, mihutasari ya mikutano, simulizi za wazee zilizopigwa taipu. Mchwa, unyevu na moto havisubiri mtafiti amalize masomo yake. Ndiyo maana kuzipiga picha nyaraka hizo na kuzigeuza kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa ni kazi yenye haraka ndani yake.

Tesseract ni miongoni mwa nyenzo zinazofaa kwa kazi hiyo. Ilianza kuundwa katika kampuni ya Hewlett-Packard kati ya mwaka 1985 na 1994, ikatolewa kuwa programu huria mwaka 2005, kisha ikaendelezwa kwa ufadhili wa Google. Toleo la 4, lililotoka mwaka 2018, lilileta utambuzi unaotumia mtandao wa neva. Kiswahili kimo katika lugha zake, kwa faili la mafunzo linaloitwa swa.traineddata. Ifahamike mapema kwamba programu hii imekusudiwa maandishi ya chapa. Rejista zilizoandikwa kwa mkono hazimo katika uwezo wake wa kawaida.

Anayetumia Debian au Ubuntu ya karibuni hana haja ya kuhangaika na msimbo chanzo. Vifurushi tesseract-ocr na tesseract-ocr-swa vinamtosha. Haja hutokea pale kompyuta inapokuwa na mfumo endeshi wa zamani wenye toleo la zamani la programu, au mtumiaji anapotaka kitu ambacho kifurushi cha mfumo wake hakikuwekewa. Hapo ndipo mipangilio ya hiari inapomkabili.

2.0 Dhana ya mipangilio ya hiari

Programu nyingi za Linux zinazotolewa kama msimbo chanzo husakinishwa kwa hatua tatu: kusanidi, kukompaili na kuweka mahali pake. Kusanidi ni kuikagua kompyuta na kuamua programu itajengwa na nini. Kukompaili ni kuugeuza msimbo kuwa programu inayotendeka. Hatua ya kwanza hufanywa na hati iitwayo configure, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa Autoconf, zana iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991.

Mipangilio inayopokelewa na hati hiyo ni ya makundi matatu. Kundi la kwanza huanza kwa --with au --without, nalo huhusu maktaba za nje. Kundi la pili huanza kwa --enable au --disable, nalo huhusu sehemu za ndani za programu yenyewe. Kundi la tatu ni maelekezo ya mahali na ya kompaila, kama vile --prefix na CFLAGS.

Jambo la msingi kwa mada hii ni kwamba mpangilio wa hiari una hali tatu, si mbili. Unaweza kuwa “ndiyo”, unaweza kuwa “hapana”, na unaweza kuwa “ikipatikana”. Hali ya tatu ndiyo inayotumika mara nyingi pale mtumiaji asiposema lolote. Hati huitafuta maktaba. Ikiiona huitumia, isipoiona huiacha na kuendelea. Mtumiaji huona mistari mingi ikipita, mwisho huona kazi imekamilika bila kosa, akaamini kwamba amepata programu kamili. Alichopata ni programu iliyojengwa kwa vilivyokuwapo.

Lugha nayo imekuwa sehemu ya mipangilio hii. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili, mwaka 2004. LibreOffice, iliyochipuka kutokana na OpenOffice, hujengwa kwa Kiingereza cha Marekani pekee isipokuwa anayeijenga aongeze --with-lang na kutaja lugha nyingine, kwa mfano sw-TZ. Kazi ya watafsiri inaweza kuwamo yote ndani ya msimbo na bado isionekane kwenye kioo, kwa sababu tu mpangilio mmoja haukutajwa.

3.0 Mfano: nusu ya picha zinasomwa, nusu hazisomwi

Chukulia mwalimu wa sekondari mjini Mbinga aliyeazimwa kasha la karatasi zilizopigwa taipu na familia moja ya Mbamba Bay. Baadhi amezipiga picha kwa simu, nazo zimehifadhiwa kama JPEG. Nyingine amezipitisha kwenye skana ya shule, nazo zimehifadhiwa kama PNG. Amejenga Leptonica na Tesseract kutokana na msimbo chanzo, akajaribu picha moja ya simu, maandishi yakatoka vizuri. Akaandika amri fupi ya kuzipitia picha zote, akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi anakuta kazi imekwisha. Kabla ya kukagua, gari la kwenda ziwani limepatikana, na kasha linarudishwa kwa wenyewe.

Siku chache baadaye anagundua kwamba mafaili yenye maneno ni ya picha za simu tu. Akiirudia picha moja ya PNG peke yake, anaona ujumbe huu:

Error in pixReadStreamPng: function not present

Maana yake ni kwamba kazi ya kusoma PNG haimo katika Leptonica aliyoijenga. Tesseract haifungui picha yenyewe, huiachia Leptonica. Leptonica nayo haina namna yake ya kusoma PNG, JPEG au TIFF, bali hutumia maktaba za libpng, libjpeg na libtiff. Isipozikuta wakati wa kusanidi, huweka badala yake kazi tupu ambazo, zikiitwa, hutoa ujumbe kama huo wa juu. Mwalimu alikuwa na faili za ujenzi za libjpeg, akakosa za libpng. Jaribio lake la kwanza lilipita kwa sababu lilifanywa kwa aina ya picha iliyokuwa salama.

Katika mfano huu picha za skana bado zipo, kwa hiyo hasara ni ya muda. Lau angezifuta kwa kuamini kwamba zimekwisha kusomwa, ingembidi aliombe upya kasha ambalo huenda asingeazimwa mara ya pili.

4.0 Hatua tano za uchunguzi

4.1 Kuiuliza programu yenyewe

Programu nyingi hueleza zilivyojengwa. Kwa Tesseract amri ni:

tesseract --version

Chini ya jina la Leptonica huorodheshwa maktaba za picha zilizomo, kwa mfano libjpeg, libpng, libtiff na zlib, kila moja na toleo lake. Maktaba isiyotajwa haimo. Mstari huo mmoja ungemwonesha mwalimu upungufu kabla ya usiku ule. Kwa hiyo inafaa kuusoma mara tu baada ya kusakinisha.

4.2 Kuhakikisha ni nakala ipi inayotumika

Kompyuta inaweza kuwa na nakala mbili za maktaba moja: iliyoletwa na mfumo, ndani ya /usr/lib, na iliyojengwa na mtumiaji, ambayo kwa kawaida hukaa /usr/local/lib. Mtu anaweza kuitengeneza nakala moja siku nzima huku programu ikiendelea kutumia nyingine. Amri mbili hutatua utata huo:

which -a tesseract
ldd /usr/local/bin/tesseract | grep lept

Ya kwanza huonesha nakala zote za programu zinazofikika. Ya pili huonesha faili la Leptonica linalopakiwa kwa hakika. Ikiwa nakala mpya haionekani ilhali imekwisha kuwekwa, mara nyingi kinachokosekana ni sudo ldconfig, amri inayohuisha orodha ya maktaba za mfumo.

4.3 Kusoma uamuzi wa configure

Kila configure inapoendeshwa huacha faili liitwalo config.log. Ndani yake mna amri iliyotumika, kila ukaguzi na jibu lake. Badala ya kulisoma lote, hutafutwa neno linalohusika:

grep -i png config.log

Jibu la “no” linaonesha kwamba maktaba ilitafutwa isionekane. Iwapo neno halionekani kabisa katika ukaguzi, huenda jina la mpangilio lilikosewa. Hapa pana mtego mwingine: Autoconf ikipewa mpangilio isioujua, kwa kawaida haisimami. Hutoa onyo la “unrecognized options” na kuendelea. Anayeandika --with-png badala ya --with-libpng hupata onyo la mstari mmoja lililozama katikati ya mistari mingi. Majina sahihi hupatikana kwa ./configure --help, si kwa kubahatisha wala kwa kunakili maelekezo ya programu nyingine.

4.4 Kukagua faili za ujenzi

Malalamiko ya kawaida ni kwamba maktaba imo katika kompyuta lakini configure haiioni. Katika Debian na Ubuntu, maktaba hugawanywa katika vifurushi viwili. Kimoja kinatosha kuendesha programu zilizokwisha kujengwa. Kingine, chenye jina linaloishia kwa -dev, kina faili za vichwa zinazohitajika katika kujenga. Katika Fedora mwisho wa jina ni -devel. Ukaguzi hufanywa hivi:

pkg-config --modversion libpng

Ikitolewa namba ya toleo, faili za ujenzi zipo. Ikitolewa taarifa kwamba hazikuonekana, husakinishwa libpng-dev. Ikiwa maktaba ilijengwa kwa mkono na kuwekwa mahali pasipo pa kawaida, pkg-config huelekezwa huko kwa kutumia PKG_CONFIG_PATH.

4.5 Kujenga upya kwa kutamka kinachotakiwa

Baada ya upungufu kujulikana, ujenzi hurudiwa kutoka katika folda safi:

make distclean
./configure --with-zlib --with-libpng --with-jpeg --with-libtiff
make
sudo make install
sudo ldconfig

Tofauti kati ya amri hii na ile ya kwanza si kwamba inaleta maktaba. Maktaba imekwisha kuletwa katika hatua ya 4.4. Tofauti ni kwamba hali ya “ikipatikana” imegeuzwa kuwa “ndiyo”. Maktaba iliyotamkwa ikikosekana, configure ya Leptonica husimama na kutoa kosa. Kosa linalosimamisha kazi saa nne asubuhi, mhusika akiwa mbele ya kompyuta, lina nafuu kuliko ukimya unaogunduliwa wiki moja baadaye. Kwa kuwa Leptonica huunganishwa na Tesseract wakati wa kutumika, kwa kawaida Tesseract haihitaji kujengwa upya iwapo toleo la Leptonica ni lilelile na limewekwa palepale.

Uthibitisho wa mwisho ni wa kujaribu ukurasa mmoja wa kila aina ya picha itakayotumika, si ukurasa mmoja tu. Baada ya kazi kubwa, idadi ya picha hulinganishwa na idadi ya mafaili ya maandishi, na mafaili matupu hutafutwa kwa:

find . -name "*.txt" -empty

5.0 Hitilafu zinazofanana na hizi

5.1 Lugha kukosekana

Ujumbe wa “Failed loading language 'swa'” unaweza kumpeleka mtumiaji kwenye mipangilio ya ujenzi bila sababu. Msimbo chanzo wa Tesseract hauji na data za lugha. Faili la swa.traineddata hupakuliwa peke yake na kuwekwa katika folda ya tessdata, na pale linapowekwa mahali pengine, folda hiyo hutajwa katika TESSDATA_PREFIX. Aidha, asipoandika -l swa, programu hutumia Kiingereza, na maandishi ya Kiswahili hutoka na makosa ambayo hayahusiani hata kidogo na ujenzi.

5.2 Zana za kufunzia kutojengwa

Kimatengo kinatofautiana na Kiswahili kwa kuwa na irabu saba. Nyaraka zinazoandika irabu zote kwa alama mahususi, kama vile ɛ na ɔ, haziwezi kusomwa sawasawa na faili la Kiswahili, kwa kuwa herufi hizo hazimo katika tahajia yake. Njia iliyopo ni kulifunza zaidi faili lililopo, na faili linalokubali mafunzo hayo ni lile la mkusanyiko uitwao tessdata_best, si la tessdata_fast.

Zana za kufunzia, hata hivyo, ni za hiari. Zinahitaji maktaba za ICU, Pango na Cairo. Zikikosekana, configure ya Tesseract hutoa onyo la “Training tools WILL NOT be built” na kuendelea. Programu itasoma Kiswahili vizuri, na anayefanya kazi ya Kiswahili tu hatajua kuna kilichopungua. Atakayejua ni mtafiti wa Kimatengo, pale amri ya make training itakapokataa. Suluhisho ni libicu-dev, libpango1.0-dev na libcairo2-dev, kisha kusanidi upya.

5.3 Programu kuzimika kwa “Illegal instruction”

Kompyuta dhaifu huchukua muda mrefu kukompaili. Baadhi ya watumiaji hujenga programu katika kompyuta mpya, kisha huihamishia kwenye kompyuta kuukuu. Iwapo mjenzi aliweka -march=native katika CFLAGS au CXXFLAGS, kompaila hutumia maagizo yote ya kichakato cha kompyuta ile mpya. Kichakato cha zamani kikikutana na agizo kisilolijua, programu huzimika papo hapo kwa ujumbe wa “Illegal instruction”. Si kirusi wala si faili bovu. Dawa yake ni kujenga upya kwa -O2 bila agizo lile.

5.4 Kumbukumbu za ujenzi wa CMake

Programu zinazotumia CMake huhifadhi majibu ya ukaguzi katika CMakeCache.txt. Maktaba iliyokosekana mara ya kwanza inaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa haipo hata baada ya kusakinishwa. Kulifuta faili hilo, au kuanza katika folda mpya ya ujenzi, huilazimisha CMake ikague upya.

6.0 Kutekeleza hatua hizi kwa bando dogo

Maelekezo mengi ya usakinishaji huchukulia kwamba intaneti ipo muda wote. Mahali ambapo bando hupimwa kwa megabaiti, ni vema kompyuta iulizwe kwanza inahitaji nini hasa:

apt-get --print-uris --yes install libpng-dev libtiff-dev

Amri hii haipakui kitu. Huorodhesha anwani za vifurushi vyote vinavyokosekana pamoja na ukubwa wake. Sharti iendeshwe katika kompyuta itakayosakinishiwa, kwa kuwa ndiyo inayojua ilicho nacho, na orodha yake ya vifurushi iwe imehuishwa. Orodha hiyo huweza kupelekwa Songea, takriban kilomita 100 kutoka Mbinga, au mahali popote penye mtandao mzuri. Vifurushi hupakuliwa, huletwa kwa flashi, na husakinishwa kwa sudo dpkg -i *.deb. Safari moja yenye orodha kamili ina nafuu kuliko safari tatu za kifurushi kimoja kimoja.

Vilevile, inafaa kuhifadhi pamoja vitu vitatu baada ya ujenzi kufaulu: msimbo chanzo uliotumika, faili la config.log, na karatasi yenye amri ya configure neno kwa neno. Kompyuta ikiharibika, au mwalimu akihamishiwa Lituhi au Liuli, anayepokea kazi hataanza kwa kukisia.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba chanzo kikuu cha hitilafu zilizojadiliwa ni ukimya: maktaba hukosekana, configure huendelea, na mtumiaji huja kujua akiwa kazini. Kwa mantiki hiyo, utatuzi hauanzi na ujuzi mkubwa wa kuandika programu. Unaanza na kuiuliza programu ilivyojengwa, kuhakikisha nakala inayotumika, kusoma uamuzi wa configure, kukagua faili za ujenzi, na kujenga upya kwa kutamka kila kinachotakiwa. Kwa anayeshughulikia nyaraka za kuazima, kuna kanuni moja ya kuongeza: kasha lisirudishwe, na picha zisifutwe, kabla ya mafaili ya maandishi kuhesabiwa na kurasa chache kusomwa sambamba na karatasi zenyewe.